Kopo la Kunasia Oili: Je, Lafaa kwa Injini ya Dizeli?

Juma hili safu yetu yaingia garajini. Hapa Busasamana, wilayani Rubavu, gari la dizeli, au la mazutu kama wengi tuitavyo, ndilo lishushalo viazi hadi Gisenyi na ndilo lipandishalo bidhaa za dukani. Familia nyingi zimelipata kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo. Kwa hiyo kila kifaa kinachosifiwa na wauzaji chastahili kupimwa kabla fedha hazijatoka mfukoni. Mojawapo ya vifaa hivyo ni kopo la kunasia oili.

Kwanza tuelewe kazi yake. Ndani ya silinda ya dizeli hewa hushindiliwa mara 15 hadi 22, na joto la kushindiliwa huko ndilo liwashalo mafuta. Kwa nguvu kubwa namna hiyo, gesi kidogo haikosi kupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka katika tumbo la injini. Huko huchanganyika na ukungu wa oili na mvuke wa maji. Sharti itoke, la sivyo itazisukuma sili na oili itavuja. Injini nyingi za zamani ziliitoa nje kwa bomba. Injini za siku hizi, kwa ajili ya kulinda mazingira, huirudisha katika njia ya hewa ili iungue.

Hapo ndipo tatizo lianzapo. Dizeli nyingi za kisasa zina vali ya kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Masizi ya moshi huo yakikutana na ukungu wa oili hufanya utandu mzito mweusi kama lami. Njia ya hewa husongwa pole pole, nguvu hupungua, na gari hulalamika mlimani. Kopo huwekwa kati ya bomba la kupumulia na njia ya hewa. Gesi ikipita ndani yake hupoa na kugonga vizuizi, na matone ya oili hubaki chini.

Je, lafaa? Lafaa kwa baadhi ya magari, tena kwa kiasi. Gari lenye tabo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi, na lenye vali ya kurudisha moshi, laweza kunufaika: njia ya hewa itachelewa kuchafuka. Hata hivyo kopo halizuii masizi. Lapunguza tu ule unata unaoyashika. Gari la zamani lisilo na tabo wala vali hiyo halina haja nalo. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, haina tabo, na mwenye gari kama hilo ataona faida ndogo mno. Tena baadhi ya injini hutoka kiwandani na kitenganishi chao. Land Rover za injini ya 300Tdi, kwa mfano, zilikuwa nacho. Afadhali kukisafisha kilichopo kuliko kununua cha pili.

Kopo baya lina hasara kuliko kutokuwa na kopo. Chupa ya plastiki huyeyuka kwa joto. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zikitiwa ndani badala ya chujio, hukatika na kuvutwa kuelekea kwenye tabo. Kopo lisilomwagwa hujaa, na likiziba, gesi hukosa njia na oili huanza kuvuja penye sili. Katika baridi ya asubuhi ya milima yetu, gari la safari fupi hukusanya maji pamoja na oili, na mchanganyiko wake huwa mweupe kama maziwa. Mwenye kopo na alikague kila juma mpaka ajue lajaa kwa muda gani.

Jambo kubwa zaidi ni hili: kopo si dawa ya injini iliyochoka. Ni beseni lililowekwa chini ya paa linalovuja. Sakafu hukauka, lakini paa bado bovu. Kabla ya kununua, injini ikiwa na joto na ikizunguka taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiache juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo, si neno. Kikirushwa, na moshi ukatoka kwa mfululizo kama wa jikoni, mwite fundi apime ringi. Tazama pia kijiti cha kupimia: oili iliyozidi alama ya juu huongeza ukungu. Badili chujio la hewa mapema, kwa maana vumbi la ardhi yetu ya volkano hula ringi na silinda.

Oili nyingi ikiingia katika njia ya hewa, dizeli yaweza kuichoma kama mafuta yake na kunguruma bila kusikia ufunguo. Likitokea hilo katika gari la gia za mkono, tia gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, kisha achia klachi ili injini izimike. Usizibe mdomo wa hewa kwa kiganja.

Kwa ndugu zetu askari na polisi wanaoendesha magari ya serikali: gari hilo si mali ya dereva. Msifunge kifaa chochote pasipo idhini ya mkuu wa usafiri. Na kwa wote, oili iliyonaswa isimwagwe shambani wala mtaroni, maana mvua huipeleka kwenye maji tunywayo na katika Ziwa Kivu. Iwekwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, ipelekwe garaji inayokusanya oili chafu.

Basi mwenye fedha kidogo na aanze na oili safi, chujio jipya na macho ya fundi mwaminifu. Zikibaki, na gari lake ni la aina tuliyoitaja, anunue kopo imara na akumbuke kulimwaga.