Mkenya mwenye njaa aandikwe wapi?

Skima ni kanuni inayoamua kila rekodi iwe na nafasi zipi: za lazima, za hiari. Kwenye saraka ya LDAP, rekodi moja hubeba aina kuu moja tu.

Sasa wewe wa Madogo, vuka daraja la Tana uingie Garissa. Huko wapo maelfu ya Wakenya walioandikishwa Dadaab wakati wa ukame, wapate chakula. Nafasi ya "Mkenya mwenye njaa" haikuwepo, wakawa wakimbizi. Leo wakiomba kipande, alama za vidole zinawakana. Hakuna kipande, hakuna laini, M-Pesa sahau.

Februari 2025 Rais Ruto alifuta msasa wa ziada wa vitambulisho. Poa, lakini rekodi je? Wizara iwatoe kwenye sajili ya wakimbizi, kabla Maisha Card haijarithi kosa lilelile.