Platini, Kobalti na Gesi ya Kivu

Kila mtu wa Gisenyi ajua ya kuwa Ziwa Kivu lina gesi ya methani. Mwaka 1963 gesi ya Rubona ilianza kuchemsha maji ya kiwanda cha bia, na tangu 2016 mitambo ya KivuWatt kule Karongi huichoma ipate umeme, megawati 26. Ni jambo jema. Lakini iko njia ya kupata umeme pasipo moto.

Mwaka 1839 William Grove wa Wales alikutanisha haidrojeni na oksijeni juu ya platini, akapata umeme na maji tu. Platini haigeuki, ni kama mshenga, huwakutanisha wawili kisha akajitenga. Taabu ni bei yake. Kwa hiyo wataalamu huifanya chembe za nanomita 3 hivi, na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa kwa milioni. Gramu moja ya platini ikiwa donge ni ndogo kuliko punje ya hindi. Ikiwa chembe hizo, nyuso zake zote pamoja hupata mita 90 za mraba, kupita sakafu ya darasa letu! Tena huichanganya na kobalti au nikeli, ikazidi nguvu. Toyota walitumia platini na kobalti katika motokaa yao ya Mirai mwaka 2014.

Sasa fikirini. Platini nyingi ya dunia hutoka Afrika Kusini, na kobalti nyingi hutoka Kongo, jirani zetu. Ujuzi wa kuzioanisha uko Japani.

Wengine husema ati haya si mambo ya sekondari. Sikubali. Methani yaweza kugeuzwa haidrojeni kwa mvuke wa moto sana, lakini hutoka pia kaboni monoksaidi, nayo huilemaza platini. Ndiyo sababu huchanganywa na rutheni. Tena maji ya Kivu yana gesi ya salfa inukayo kama yai viza, sumu kubwa ya platini, na sharti iondolewe kwanza. Mjapani ana haja gani na uvundo wa ziwa letu?

Basi chama chetu cha sayansi kianze na betri, risasi mbili za penseli na maji ya magadi ya kufulia. Vipovu vikishika penseli, ondoeni betri, mtie mita ya volti: umeme utarudi kidogo. Mita imo katika kabati la fizikia, imejaa vumbi.