Hiari Yashinda Utumwa

Katika lugha yetu hapana neno jepesi kinywani kama hili: "Nitafanyaje?" Lina sura ya swali, lakini msemaji wake aghalabu hangoji jibu. Hulitumia kama pazia. Hulishusha mbele ya tendo lake ili watu wasimwone yeye aliye nyuma yake. Kusudi langu katika insha hii ni kulipandisha pazia hilo. Ikiwa nawe, msomaji, umepata kujificha humo, nakuomba radhi mapema, maana mimi pia nimejificha humo mara nyingi.

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani katika Mji wa Kale, Mombasa, mahali ambapo kahawa chungu huuzwa kwa vikombe vidogo na maneno hutolewa bure. Mzee mmoja alimwachia muuza kahawa chenji yake. Mwenziwe akamlaumu, akasema kwamba bakshishi ndiyo mama wa rushwa: aliyezoea kumpa muuza kahawa kidogo hatashindwa kumpa hakimu kingi. Mtu wa tatu, dereva wa lori, akacheka. Akasema kwamba yeye huwapa askari wa barabarani kila wiki, wala hajioni kuwa mwovu, kwa kuwa wazee wenyewe wamesema, "Penye udhia penyeza rupia." "Mwanadamu hana hiari," akaongeza, "yote yamekwisha andikwa." Kisha mazungumzo yakageukia siasa, na dereva yule yule akawa mkali kuliko wote. Akawalaani wabunge kwa tamaa na wizi. Kikombe changu kikapoa mkononi. Nilikuwa nimemsikia mtu mmoja akijisamehe kwa sababu hana hiari, na papo hapo akiwahukumu wengine kana kwamba wao wanayo yote.

Maoni ya barazani yasidharauliwe. Hotuba husikika siku moja, lakini maoni haya hurudiwa kila jioni, na nchi huenda kwa mwendo wake. Basi na tuyapime moja moja.

Tuanze na bakshishi. Neno hili limetoka katika Kiajemi, na asili ya maana yake ni kupa. Bakshishi ya kweli ina alama tatu. Kwanza, huja baada ya kazi, si kabla. Pili, haidaiwi, asiyetoa leo atahudumiwa kesho kama kawaida. Tatu, hainunui haki ya mtu mwingine. Mzee aliyemwachia muuza kahawa chenji hakumnyima mtu wa pili kikombe chake. Alitoa kwa kupenda, na kutoa ni moyo, si utajiri.

Rushwa hupindua alama zote tatu. Huja kabla ya kazi, hudaiwa, na kila mara kuna mtu asiyekuwapo ambaye ndiye anayeilipia. Noti inapokunjwa ndani ya leseni ya dereva, lori lenye breki mbovu hupita. Anayelipa ni mtoto anayevuka barabara kilomita kumi mbele, naye hakuulizwa.

Hata neno hongo lina historia ya kutufunza. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilitozwa hongo na watawala wa nchi ilizopita, kama vile Ugogo katika Tanzania ya leo. Ilikuwa kodi ya njia. Iliombwa mchana, ikajadiliwa mbele ya watu, na wafanyabiashara waliihesabu katika gharama za safari. Leo jina limebaki, lakini mchana umeondoka. Hongo ya siku hizi hutolewa mkono ukiwa umefumbwa, na mkono uliofumbwa ni ushahidi kwamba mwenyewe anajua afanyalo.

Hata hivyo, yule aliyesema bakshishi ni mama wa rushwa hakukosa kabisa. Zawadi ikipoteza hiari huharibika. Huko Marekani, tangu mwaka 1991 sheria ya shirikisho imemruhusu mwajiri kumlipa mtumishi anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi ijazie kilichopungua katika ujira wa chini wa kisheria. Yapo majimbo yanayodai zaidi, lakini pale ambapo desturi hiyo yatumika, mlaji hatoi tena zawadi. Analipa mshahara ambao mwajiri ameukwepa. Kwa hiyo kosa halimo katika kutoa. Kosa huingia pale hiari inapotoka.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno la pili la dereva, kwamba mwanadamu hana hiari. Sitaingilia dini ya mtu. Wanazuoni wamejadili kudra na hiari kwa karne nyingi, wala insha fupi haiwezi kuyamaliza majadiliano hayo. Nauliza tu: yeye asemaye yote yameandikwa, mbona hufunga mlango wake kwa komeo usiku? Mbona hutazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara? Mbona humkemea mwanawe aliyeiba sukari, badala ya kuilaumu kudra? Mtu huyu huishi siku nzima kama mwenye hiari. Kudra huikumbuka saa ile tu anapotakiwa kujibu kwa ajili ya makosa yake.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, alilitazama jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alitoa mfano wa watu wa chombo waliopatwa na dhoruba, wakatupa shehena baharini ili waokoe roho zao. Hapana mtu atupaye mali yake kwa kupenda. Lakini katika saa ile wao ndio waliochagua, na mwenye akili yeyote angefanya vivyo hivyo. Mfano huu watufaa sana sisi watu wa pwani na wa bara. Unatufundisha kumwuliza kila asemaye "Nitafanyaje?" maswali mawili. Je, dhoruba ilikuwapo kweli? Na shehena uliyoitupa ilikuwa ya nani? Dhoruba ya dereva wetu ilikuwa kuchelewa nusu saa. Shehena aliyoitupa ilikuwa roho za watu wengine.

Sasa tuingie katika siasa, maana huko ndiko pazia hili lilikotanda kuliko kwingine kote. Kila uchaguzi unapokaribia, noti hugawanywa sokoni, unga hugawanywa vijijini, na wapokeaji husema, "Nitafanyaje? Wote ni wale wale." Kabla ya kuliamini neno hilo, kumbuka kura ilivyotufikia.

Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe hao walikuwa wanane tu. Wala si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura: palikuwa na masharti ya elimu, ya mapato, ya mali na ya utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu, huku jirani yake asipewe hata moja. Ilipofika Mei 1963, kura ilikuwa ya kila mtu mzima. Wengi walioipiga mwaka huo walikuwa wamekwisha ambiwa maisha yao yote kwamba hawana akili ya kuchagua.

Kisha ukaja mwaka 1988. Katika mchujo wa chama kilichotawala peke yake, wapiga kura walipangwa mistari hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha pita. Mwalimu alisimama akionwa na mkuu wake, na mkulima akionwa na chifu wake. Mtu wa mstari ule alikuwa na haki ya kusema "Nitafanyaje?" kuliko sisi, maana dhoruba yake ilikuwapo, nayo ilikuwa na macho. Walikuwapo hata hivyo waliosimama katika mistari mifupi. Walionwa na kila mtu, wakasimama.

Mwaka 1992 uchaguzi wa vyama vingi ulirudi, na kura ikapigwa kwa siri. Lakini mwaka huo huo fedha zilimwagwa katika kampeni hata noti ya shilingi 500 ikapachikwa jina la utani la mwanasiasa mmoja. Tazama jambo hili la ajabu, msomaji: mara tu tulipopata mahali pa kuchagua bila kuonwa, tulianza kuuza uchaguzi kabla ya kufika hapo.

Leo Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 81, yataka kura ipigwe kwa siri. Ndani ya kizimba cha kura mna karatasi, kalamu na mtu mmoja. Hamna askari wala chifu, wala aliyekupa unga. Hamna udhia wa kupenyezea rupia. Ikiwa mtu hana hiari hapo, basi hataipata popote.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Aliyepokea shilingi 500 ameuza miaka mitano, yaani siku 1,826. Gawanya. Amejiuza kwa senti 27 kwa siku. Hapana kibarua anayeweza kukubali ujira huo shambani, lakini wengi huukubali kwa nchi nzima.

Wako wajanja wasemao, "Nitakula chake, kisha nimpigie mwingine." Werevu huu una kasoro mbili. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 humtia hatiani mpokeaji kama inavyomtia mtoaji. Na ijapokuwa hatashikwa, amejifunga mdomo. Siku dawa zitakapokosekana zahanatini, atasimama kulalamika kwa ulimi gani? Mbunge atajua moyoni kwamba alikwisha mlipa.

Najua jibu zito lililobaki, wala silipuuzi. Yupo mama ambaye watoto wake hawakula jana, na pakiti ya unga imeletwa mlangoni pake. Yupo baba ambaye mtoto wake yu taabani, na mtu wa mapokezi amenyosha kiganja. Hao wamo katika dhoruba ya kweli. Anayewanyoshea kidole akiwa ameshiba hajui anachosema. Lakini huruma yetu kwao na iongeze hasira yetu juu ya aliyeingoja njaa yao ili aifanyie biashara. Tena tukumbuke kwamba walio wengi katika mchezo huu hawana njaa. Wana magari, vyeo na vyeti, nao hukopa machozi ya yule mama ili wafunikie tamaa zao. Huo ni wizi juu ya wizi.

Wewe, msomaji, labda hujatimiza miaka 18, na kupiga kura bado huruhusiwi. Usidhani kwamba hiari yako inaingoja siku hiyo. Yeye asemaye "Nitafanyaje?" alipoiba majibu ya mtihani atalisema tena akiwa karani, na tena akiwa waziri, neno litakuwa lile lile, na gharama itakuwa imekua. Kesho ukila mkahawani, mwachie mtumishi sarafu au usimwachie. Yote mawili ni halali yako. Lakini ukifika dirishani kutafuta haki yako, nawe ukaombwa "chai", uliza kiasi gani kimewekwa na sheria, kisha uombe risiti. Mara nyingine utacheleweshwa. Mara nyingine utarudi nyumbani mikono mitupu, na rafiki zako watakucheka. Sikuahidi kwamba hiari ni rahisi. Wahenga walisema kwamba yashinda utumwa. Hawakusema kwamba haina gharama.

Na siku utakapobanwa kweli, hata neno likakujia kinywani, liseme. Ila ulipe haki yake ya kuwa swali: "Nitafanyaje?" Kisha ukae kimya kidogo, ulingoje jibu.