Kadi za Mashindano: Bahati au Ustadi?

Wazazi wenzetu, hasa wanaolea watoto Uingereza na Marekani, wanauliza iwapo kadi za Magic na Pokémon, ambazo vijana hununua, hubadilishana na kushindania, ni mchezo wa akili au ni kamari iliyovishwa picha za kupendeza. Tumeona si vyema kutamka hukumu kabla ya kuutazama mchezo wenyewe.

Tuchukue Magic, uliobuniwa na mwanahisabati wa Kimarekani, Richard Garfield, na kutolewa mwaka 1993. Haufanani na karata tulizozizoea barazani, ambazo hugawanywa kutoka fungu moja. Hapa kila mchezaji huja na fungu lake alilolipanga mwenyewe, lisilopungua kadi 60, na kadi ya jina moja haizidi nne, isipokuwa zile za ardhi za kawaida, ambazo hutoa nguvu ya kuzitumia nyingine. Kulipanga fungu hilo ni kazi ya fikra, na wengine huishughulikia kwa wiki nzima.

Lakini fungu likishachangwa, bahati huketi mezani. Katika fungu la kadi 60 lenye ardhi 24, mchezaji anayeokota kadi saba za mwanzo atajikuta ana ardhi moja, au hana kabisa, takriban mara 14 katika kila 100. Na kadi anayoitegemea, hata akiiweka mara nne, ataiona miongoni mwa hizo saba mara 40 tu katika 100. Bingwa na mwanagenzi ni sawa mbele ya hesabu hiyo. Kanuni humruhusu kuchanga upya, ila kwa kupungukiwa kadi. Katika bao kete zote zi wazi, na aliyefungwa hana wa kumlaumu. Mwenye kadi daima ana kisingizio!

Tena mitindo ya mashindano haiko sawa. Upo mtindo ambao mchezaji hupewa pakiti sita zilizofungwa, akapanga fungu la kadi 40 kutokana na alichokikuta humo. Hapo bahati ina sauti kubwa. Upo mwingine ambao wachezaji huketi duara, kila mmoja akafungua pakiti, akachagua kadi moja na kumpa jirani zilizobaki. Huu kwetu ndio ulio bora, kwa kuwa mtu makini husoma nia ya jirani yake kwa kile alichokiacha.

Idadi ya michezo nayo ina uzito. Mwenye uwezo wa kumshinda mwenzake mara 60 katika 100, wakishindania kushinda miwili kati ya mitatu, hufikia karibu 65, na mitatu kati ya mitano, 68. Ustadi, basi, hudhihirika kwa kurudiarudia. Ndiyo maana majina kama Kai Budde wa Ujerumani na Jon Finkel wa Marekani yalionekana kileleni mara nyingi.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika mwambao wetu, walitofautisha mchezo unaosimama juu ya hesabu na fikra, kama sataranji, na ule wa kubahatisha, kama nardi ichezwayo kwa dadu. Na hata sataranji wengi wao waliihesabu makuruhu. Kadi hizi zimeketi katikati, na fatwa tunawaachia masheikh. Tunalolijua ni kwamba dau laweza kuugeuza mchezo wowote, hata bao, kuwa kamari. Magic yenyewe ilianza na kanuni ya dau: kila mmoja huweka kando kadi moja ya fungu lake, na mshindi huzichukua zote mbili. Kanuni hiyo iliachwa baadaye. Mzazi anayeombwa kiingilio cha mashindano na aulize kwanza zawadi inatoka wapi, kwa mdhamini au katika mifuko ya watoto wenyewe.

Penye bahati tupu, kwa maoni yetu, ni dukani. Mtoto hulipia pakiti asiyojua kilichomo, akitumaini kadi adimu yenye thamani kupita pakiti nzima. Na ustadi wa mezani haumsaidii hata chembe. Wachezaji hodari wanalijua hili, na aghalabu hununua kadi moja moja wanayoihitaji, kwa bei inayojulikana. Mpendekezee mwanao utaratibu huo. Kijana anayependa mchezo ataukubali, pengine kwa furaha, maana fedha yake itafika mbali zaidi. Akikataa, akashikilia kwamba lazima iwe pakiti iliyofungwa, basi anachokipenda ni kule kufungua, na hayo ni mazungumzo mengine ya kufanya naye mapema.