Robo ya Tatu ya Nini?

Niliwahi kuhudhuria baraza moja mjini Kajiado ambapo msimamizi wa mradi wa maji alihutubu kwa Kiingereza karibu saa nzima, na mkalimani akamfupisha kwa sentensi mbili. Mama mmoja mzee alitaka kujua maji yangefika lini. Akajibiwa: katika robo ya tatu. Mkalimani alisita. Robo ya tatu ya nini?

Msimamizi yule hakuwa mvivu, na sina shaka kwamba ripoti zake zilimridhisha mfadhili. Lakini neno "mradi" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni jambo linalokusudiwa. Swali ambalo wasimamizi wengi hawajiulizi ni hili: limekusudiwa na nani?

Wapo waliojiuliza. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na tangu jadi nyumbu na punda milia wametoka humo msimu wa mvua kwenda kulisha katika nyanda za Kitengela. Ardhi ya pamoja ya Wamaasai ilipogawanywa katika miaka ya 1980, kila mwenye hati akawa huru kuzungusha waya au kuuza. Mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka, ili waiache wazi kwa mifugo na wanyama wa porini.

Fedha hizo hazikuwa nyingi. Bei ya ploti Kitengela yajulikana. Kinachonivutia ni ratiba yake. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakalinganishwa na mihula ya shule. Mwalimu aliyewahi kusoma majina ya wasiolipa karo, kisha akawatazama wakikusanya madaftari yao, hahitaji kuelezwa uzito wa uamuzi huo. Hiyo ndiyo siku ambayo mzazi humtafuta mnunuzi wa ng'ombe au, vibaya zaidi, wa ardhi. Aliyepanga malipo vile alikuwa amejua kwanza shida humfika mfugaji mwezi gani.

Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, nao walifanya kazi na wenyeji wa Kitengela hata kuziweka nyua zao kwenye ramani. Ushirikiano huo ulipewa jina la Kimaasai, Reto-o-Reto, yaani nisaidie nikusaidie. Mmoja wa waliokuwa kiungo kati ya wanasayansi na wafugaji, David Nkedianye, alichaguliwa mwaka 2013 kuwa gavana wa kwanza wa Kaunti ya Kajiado.

Wenzangu wanaofundisha usimamizi wa miradi watasema kwamba mimi ni mtu wa isimu, hivyo kila ugonjwa nauona kuwa wa lugha. Huenda. Hata hivyo nina ombi kwao. Kabla ya kumtunuku mwanafunzi shahada, mpelekeni barazani aueleze mradi wake kwa Kiswahili, au kwa Kimaasai akikijua, pasipo mkalimani. Kisha wazee na akina mama waulize maswali, naye mtahini aandike ni mangapi yaliyoibadilisha ratiba yake.