Mwenye parseli, kidole chako si minitri

Wasikilizaji wapenzi wa Goma, na ninyi jamaa mliokimbia vita mkapokelewa katika parseli za watu, leo siongelei bei ya makala wala mashimo ya barabara. Naongelea kidole. Kile kidole cha mwenye nyumba kinachopanda kwenye dizonkteri kila siku saa mbili ya usiku na kuacha chumba cha nyuma gizani, watoto wakiwa bado na ugali mkononi.

Tangu kambi za pembeni mwa mji zivunjwe mwanzoni mwa mwaka 2025, jamaa nyingi hazikurudi vijijini. Ziko Ndosho, Katoyi, Majengo, Mugunga, watu saba ao wanane kwa chumba kimoja, na kashpawa ni moja tu kwa parseli nzima. Kila mlango unatoa mchango wake. Kisha yuniti zinaisha mbele ya tarehe, na ugomvi unaanza. Nani anashitakiwa wa kwanza? Yule aliyefika wa mwisho. Nimesikia maneno hayo katika parseli zaidi ya moja: "Hawa wakimbizi wanalala na taa."

Basi tupige hesabu. Ampuli ya LED ya wati 9, ikiwaka kuanzia saa kumi na mbili ya jioni hadi saa kumi na mbili ya asubui, inakula wati-saa 108. Resho ya wati 1500 inakula hizo hizo kwa muda usiofika dakika tano. Dakika tano! Chai ya mwenye nyumba haijachemka, na tayari imekula usiku mzima wa mkimbizi. Na kama nyumba kubwa bado ina ile ampuli ya zamani ya wati 100 inayowaka nje kwa ajili ya wezi, hiyo peke yake inapita ampuli kumi na moja za LED. Sasa tuambiane ukweli, ni nani anayemaliza yuniti?

Wenye parseli watanijibu kwamba kashpawa iko kwa jina lao, na kuna wapangaji wanaoficha resho chini ya kitanda. Ni kweli, wako, na resho ya namna hiyo inaunguza nyumba. Lakini kukata taa kwa kidole hakukamati mwenye resho. Anapika mchana, wewe ukiwa sokoni. Anayeumia ni mtoto wa shule na mama anayenyonyesha.

Iko kitu cha kufanya kazi hii bila chuki, nacho ni minitri ya mashine: swichi yenye saa ndani. Ina duara la saa 24 na meno madogo pembeni. Kwa nyingi ni meno 96, kila jino dakika 15. Unashusha ao unapandisha meno, na taa zinawaka na kuzimika kwa saa mliyokubaliana. Naisifu hii kuliko ile ya namba kwa sababu moja: kila mtu anaiona. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kusimama kwenye koridori na kuuliza kwa nini jino la saa tatu limeguswa. Ile ya namba inabaki siri ya aliye na kitabu cha maelezo. Na sisi tuko karibu na ikweta, jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Ulaya wanabadilisha saa za taa kila majira. Hapa ungepanga mara moja na kwisha.

Ungepanga, kama umeme ungekuwa haukatiki. Hapo ndipo nina maneno na wachuuzi wetu. Minitri nyingi za bei ndogo zinaendeshwa na umeme ule ule unaokuja nyumbani. Umeme ukikatika saa tatu, saa yake inasimama saa tatu, na taa ya saa kumi na mbili itawaka saa tatu ya usiku. Huu ni mji ambao waya wake wa kutoka Matebe ulikatwa na lava ya Nyiragongo ya 22 Mei 2021, mji uliokaa siku kadhaa gizani wakati wa mapigano ya Januari 2025. Anayetuletea saa isiyo na akiba ndani yake anajua anachotuuzia. Ziko zenye akiba, zinaendelea kutembea bila umeme. Iko pia ile ya kuzungusha kwa mkono, yenye springi, inayofaa sana kwa taa ya choo na koridori: unazungusha, unaingia, inajizima.

Nilizunguka Birere asubui nzima nikitafuta yenye akiba. Duka la kwanza walinionyesha swichi ya kawaida. La pili, kengele. La tatu wakaniuzia moja iliyoandikwa "60 Hz" kwa maandishi madogo, nami nikalipa bila kusoma. Umeme wetu ni 50, kwa hiyo inachelewa dakika kumi kila saa, saa nne kwa siku. Nililaumu fundi siku mbili mbele ya kuvaa miwani.

Mafundi nao wasikie. Minitri iliyoandikwa 16 A, kwa volti 220, inabeba wati 3500 hivi, tena kama maandishi hayadanganyi. Ukipitisha humo resho mbili na pasi, vyuma vya ndani vinashikana kwa moto na haizimiki tena. Weka taa peke yake kwenye waya wake. Resho iwe na waya mwingine na konta yake ndogo, ili kila mlango ulipe ulichokula. Minitri haipimi yuniti, inahesabu saa tu.

Na viongozi wa mitaa, mnaoitwa kila wiki kuamua kesi za umeme: mbele ya kumtoza mkimbizi faini, ombeni kwanza kuona wati za resho ya nyumba kubwa. Zimeandikwa chini yake.

Ile ya kwangu ingali mezani. Mchuuzi amesema nirudi Jumatatu, mzigo mwingine unakuja. Nitaenda na miwani.