Mtungi wa Bure, Gesi ya Nani?

Picha hii tumeizoea. Mgeni rasmi kasimama katikati, mitungi ya gesi ya kilo 6 imepangwa mbele yake kwa mistari, na kina mama waliojifunga khanga wanasubiri majina yao yaitwe. Hotuba, makofi, kisha kila mmoja anajitwika mtungi wake na kuondoka. Jioni tunasomewa habari kwamba kata fulani imeingia rasmi kwenye nishati safi ya kupikia. Haijaingia popote. Imepata mitungi. Gesi ile ya kwanza ikiisha, wengi watarudi kwa muuza mkaa waliyemwacha mwezi uliopita, na mtungi utahamia uvunguni mwa kitanda.

Sina ugomvi na lengo. Serikali inataja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa jikoni, na hekta zaidi ya 400,000 za misitu zinazopotea kila mwaka. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Hata amri ya kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa mwishoni mwa Januari 2024 ilikuwa na mantiki yake. Shule ina bajeti, ina mhasibu, inaweza kuagiza gesi kwa jumla na kulipa kwa hundi. Mpangaji wa chumba kimoja Buguruni hana mhasibu.

Kinachoniudhi ni mahali ruzuku inapokwenda. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukiuza mitungi kwa punguzo la hadi asilimia 50, na wanasiasa wanaongeza ya kwao ya bure. Fedha yote hiyo inanunua chuma. Kilichomo ndani ya chuma, ambacho ndicho kinachopika, kinaachiwa mama mwenyewe ahangaike nacho.

Wapo wanaosema mkaa unalisha watu: wachomaji, wenye malori, wauzaji wa mitaani. Ni kweli, na watahitaji kazi nyingine. Wapo wanaosema maharage ya mkaa yana ladha yake. Ulimi ni wao. Wengine wanakumbusha kwamba gesi ya mitungi nayo inaagizwa kutoka nje na haioti shambani. Hilo pia ni kweli, ila halimsaidii anayekohoa leo. Na watetezi wa ugawaji wanasema bila mtungi hakuna pa kuanzia. Sawa, mtungi upo. Kesho yake je?

Hapo ndipo penye hoja yenyewe, na ndipo hotuba zote zinapopita kwa kukimbia. Fedha inaingiaje katika nyumba ya mama ntilie, ya dereva wa bodaboda, ya fundi anayesubiri kibarua? Inaingia kwa siku, na inatoka kwa siku. Asubuhi hajui jioni atarudi na shilingi ngapi. Biashara nzima ya uswahilini imejipanga kumfuata huyu mtu. Mafuta ya kula anauziwa kwa kipimo. Sukari robo. Dagaa fungu. Bando la saa 24. Umeme wa LUKU anaununua wa 1,000, ukiisha ananunua mwingine. Na mkaa? Mkaa upo wa kopo, wa sado, wa ndoo. Upo hata wa mia tano, umefungwa kwenye kimfuko, mlangoni kwake, saa moja usiku.

Gesi peke yake inamwambia: leta zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo mmoja, au usipike.

Watu wa mipango wakifika hapa hutoa kalamu na kuonyesha kwamba gesi ni nafuu. Wana haki. Familia inayonunua mkaa wa 1,500 kila siku inamaliza 45,000 kwa mwezi, na hata ikihitaji kujaza mtungi mdogo mara mbili kwa mwezi huo, haiko mbali na hapo, tena bila moshi wala masizi. Mama anaijua hesabu hiyo kuliko wao. Tatizo ni kwamba 45,000 yake haijawahi kukaa pamoja. Inapita mkononi vipande vipande, na kila kipande kina mwenyewe: nauli ya mtoto, dawa, mchango wa kikoba, kodi. Anayesema mama huyu “anahitaji elimu ya nishati safi” hajawahi kuishi kwa fedha ya siku, au amesahau. Elimu anayo. Muda wa kukusanya hiyo elfu ishirini bila shida nyingine kubisha hodi ndio hana. Na tunapompangia semina ya kumweleza madhara ya moshi, yeye ambaye macho yamemwiva kwa moshi huohuo, tunamtukana.

Tungeweza pia kujifunza kwa waliotangulia. India ilianza mpango wake wa Ujjwala mwaka 2016, na kufikia 2019 ilikuwa imeziunganisha kaya za kimaskini milioni 80. Makofi yalipigwa kule pia. Kisha ikaonekana kwamba kaya nyingi hazirudi kujaza, au zinajaza mara chache mno na kuendelea na kuni. Mwaka 2022 serikali ikaanza kutoa ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, na 2023 ikaipandisha hadi 300. Ruzuku ikaifuata gesi, si chuma peke yake. Sisi tunarudia ukurasa wao wa kwanza kana kwamba wa pili haujaandikwa.

Wala dawa haiko ng’ambo. Kampuni ya KopaGas ilianzia hapahapa Dar es Salaam na mtungi wenye mita: unalipia kwa simu, kiasi ulichonacho, gesi inafunguka; fedha ikiisha, inajifunga. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas kwa dola milioni 25. Huo ndio mkaa wa mia tano katika umbo la gesi. Fedha inayokwenda kwenye maturubai na mitungi ya maonyesho ingelipia mita.

Yapo ya kufanya nyumbani bila kumsubiri mtu. Maharage na makande yalowekwe usiku kucha. Sufuria ifunikwe. Anayeweza ajinunulie sufuria ya presha, maana vyakula vya kuchemka muda mrefu ndivyo vinavyomrudisha mtu kwenye mkaa huku gesi ikibaki ya chai. Na dukani dai mtungi uwekwe kwenye mizani kabla hujalipa. Umeme nao ungesaidia, lakini mteja wa matumizi madogo akivuka uniti 75 kwa mwezi, kila uniti inayofuata inapanda bei zaidi ya mara tatu. Tunamhimiza apikie umeme, halafu tunamtoza faini kwa kututii.

Safari ijayo mgeni rasmi akishasoma idadi ya mitungi iliyogawiwa, mwandishi wa habari mmoja anyooshe mkono. Aulize kati ya ile ya mwaka jana, mingapi ilirudi dukani kujazwa mara ya pili, na mara ya tatu. Wauzaji wana vitabu vyao, na wizara inaweza kuvidai. Idadi hiyo ndiyo iandikwe kwenye taarifa ya utekelezaji wa mkakati, na hadi itakapoandikwa, hiyo asilimia 80 ya mwaka 2034 ni ya mitungi.